Ala ya sekateri: ngozi uliyo nayo ndiyo itakayokuchagulia mbinu

Swali: Jambo mzee fundi. Mimi nashona viatu hapa Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mwagronomi (mtaalamu wa kilimo) mmoja anayezungukia mashamba ya kahawa kandokando ya ziwa Kivu ameniomba nimtengenezee ala ya ngozi ya kuvaa mkandani, ya kuwekea sekateri yake, yaani mkasi wa kupogolea miti. Nimezoea viatu na mifuko, tena kwa mashine. Kazi ya namna hii sijawahi kuigusa. Kwenye video naona watu wanalowesha ngozi, wanaibana juu ya bastola, na ikikauka inabaki na umbo lilelile. Nimejaribu kwa ngozi niliyo nayo, lakini ikikauka inarudi kuwa bapa. Kosa liko wapi? Je, naweza kubandika shambreri ya gari (mpira wa ndani wa gurudumu) ndani ili chuma kisiichubue ngozi? Uzi je, ule wa mashine utatosha? Na kazi kama hii nitaje bei gani?

Jibu: Jambo ndugu yangu. Mikono yako haina kosa. Ulichokiona kwenye video kinawezekana kwa ngozi ya aina moja, na hata bila kuishika ya kwako nakubashiria kwamba si ya aina hiyo. Karibu ngozi yote laini ya viatu na mikoba inayopita masokoni kwetu imesindikwa kwa chumvi za kromu. Ndivyo ilivyo hata duniani: sehemu kubwa sana ya ngozi inayotoka viwandani ni ya kromu, kwa kuwa njia hiyo, ambayo Augustus Schultz aliisajili Marekani mwaka 1884, humaliza kwa saa chache au siku moja kazi ambayo magome ya miti huifanya kwa majuma au miezi. Kromu hufunga nyuzi za ngozi kwa vifungo imara visivyojali maji. Ukiilowesha inalainika, ukiibana inatii, na ikikauka inarejea ilikotoka. Kwa kiatu hiyo ni sifa njema: mguu hutoa jasho, mvua hunyesha, na ngozi haigandi wala haikakamai. Kwa ala ya kubana ndiyo kikwazo chenyewe.

Ngozi ya magome ni habari nyingine. Tanini za kwenye magome huingia na kujaza nafasi zilizo kati ya nyuzi. Maji yakiingia, nyuzi hulegea na kusogea unakozisukuma. Yakitoka, hukaa hapohapo zilipofika na kukakamaa. Umbo unaloliona kwenye video limetokana na hilo, wala si nguvu za vidole vya yule bwana.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, ipime ngozi uliyo nayo. Kata ukingo kwa kisu kikali utazame katikati yake. Ukiona kijivu au buluu hafifu, hiyo ni kromu. Ukiona kahawia kutoka juu mpaka chini, yaelekea ni magome, ila usiishie hapo, maana kuna kromu inayotiwa rangi ikapenya hadi ndani. Kipimo ninachokiamini mimi ni cha sufuria. Kata kipande chembamba, upana wa sentimita moja na urefu wa kumi, ukitumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Ngozi ya magome hujikunja, hufupika na ikipoa huwa ngumu, kwa sababu nyuzi zake husinyaa kwenye nyuzijoto 70 hadi 85 hivi. Ya kromu iliyosindikwa vizuri hutoka karibu kama ilivyoingia. Bukavu iko mita 1500 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka yakiwa na nyuzijoto kama 95, lakini hizo zinatosha kabisa kuzitofautisha. Wako mafundi watakaokwambia uichome ukaangalie kama majivu ni ya kijani. Majivu ya kromu huwa hivyo kweli, lakini sikushauri: moshi wake ni mbaya, na kromu ikiungua yaweza kugeuka kuwa ya aina yenye sumu zaidi. Sufuria inatosha. Usiirudishe jikoni tu.

Kuna pia ngozi za mseto, zilizopita kwenye kromu kisha kwenye magome. Hizo hukubali umbo kidogo na kusahau kidogo. Zihesabu pamoja na za kromu usije ukajisumbua.

Ukishajua unayo ipi, njia ni mbili, na hapa ndipo vijana wengi wanaojifunza kwa video wanapopotea. Wanaamua mbinu kwanza, halafu wanailazimisha ngozi iifuate. Wewe anza na ngozi. Ikiwa ya magome, utaifinyanga. Ikiwa ya kromu, umbo litatoka kwenye kukata na kushona, na kazi hiyo wewe unaijua tayari kwa sababu umeshona mikoba.

Niiseme kwanza ile ya kufinyanga, kwa kuwa ndiyo uliyoiulizia. Unahitaji ngozi ya magome yenye unene wa milimita 3 mpaka 3.5. Ikiwa nyembamba kuliko hapo, ala italegea. Ikizidi 4, utapambana nayo kwenye kona. Kama huipati, ulizia semeli (soli) za ngozi, zile wanazozisaka wapenda sape, watanashati wa mavazi, kwa viatu vyao vya gharama. Ngozi ya semeli husindikwa kwa magome, ila ni nene na imegandamizwa sana, hivyo huchelewa kunywa maji na haipendi mikunjo midogo. Mimi huiweka kwenye mgongo wa ala, mahali pasipohitaji kupinda, na mbele naweka ngozi nyepesi zaidi.

Vipimo. Laza sekateri ikiwa imefungwa kwa kitasa chake juu ya katoni, uizungushie kalamu. Tuseme upana wa sehemu itakayoingia ndani ni sentimita 5, na unene wake kwenye skrubu ya katikati, mahali panapovimba kuliko pote, ni sentimita 2. Mgongo wa ala utakaa bapa, kwa hiyo kipande cha mbele ndicho kitakachopanda, kuvuka na kushuka: 5 jumlisha 2 jumlisha 2, hiyo ni 9. Ongeza unene wa ngozi yenyewe kila upande, milimita 3 na 3, kisha nafasi ya mshono, milimita 12 na 12. Jumla ni sentimita 12. Mgongo wenyewe utatosha na sentimita 8. Anayeanza hukata vipande viwili vilivyo sawa, halafu anashangaa kwa nini chombo hakiingii. Shona kwanza mfano wa katoni au bashi (turubai) kuukuu, uingize sekateri na kuitoa mpaka uridhike. Katoni haina gharama.

Kabla ya kulowesha, ifunge sekateri yote kwa plastiki nyembamba, izunguke mara mbili au tatu. Hili usiliruke. Tanini ikikutana na chuma penye maji hutoa weusi kama wa wino usiofutika, na blade nayo hushika kutu usiku huohuo. Kwa sababu hiyo hiyo tumia beseni la plastiki na maji safi. Maji ya mvua yaliyotiririka kwenye mabati yenye kutu yanabeba chuma cha kutosha kukuchorea madoa. (Weusi huo una faida pia: misumari isiyo na rangi ikikaa kwenye siki kwa juma moja au mawili, maji yake yakipakwa kwenye ngozi ya magome huigeuza nyeusi tii mpaka ndani. Ukimaliza suuza kwa maji yenye soda ya kupikia kidogo, la sivyo siki itaendelea kuila ngozi. Lakini hiyo ni ya siku nyingine.)

Maji yawe ya uvuguvugu, ambayo mkono unayastahimili bila taabu. Yakiwa moto sana ngozi itasinyaa kama ulivyoona kwenye sufuria. Izamishe mpaka mapovu yapungue, kisha itoe uisubiri. Kusubiri huku ndiko kunakowashinda wengi. Ngozi inayochuruzika maji haishiki umbo, inateleza tu. Iviringishe kwenye plastiki, iache saa kadhaa au hata usiku kucha, mpaka uso wake uanze kurudi kwenye rangi yake ya kawaida huku ndani kukiwa bado na ubaridi. Hapo ukiibonyeza kwa kidole, alama inabaki. Ilaze juu ya sekateri iliyo juu ya ubao, anza kubana katikati ukielekea pembeni, na ukingo uubane kwa vijiti vya mbao vilivyopigiwa misumari ubaoni. Misumari isiguse ngozi. Kwa kuchora mistari ya umbo tumia mpini wa kijiko cha mbao au mfupa uliosuguliwa ukawa laini, kwa sababu kucha zako zitaacha mikwaruzo isiyotoka. Usichore kila bonde na kilima cha chombo. Ala iliyobana mno hupendeza mezani ila humkera mwenye kuitumia. Mtu aliye mlimani anataka kuingiza sekateri bila kuitazama.

Kukausha ni kivulini, penye hewa, siku moja au mbili. Wakati wa mvua, hapo Septemba mpaka Mei, hesabu tatu, na uikague ukungu. Usiisogeze kwenye mbabula, jiko la makaa, hata ukiwa na haraka, wala usiianike juani: uso hukauka kabla ya ndani, kisha hupasuka.

Sasa njia ya pili, na nikisema ukweli hii ndiyo ninayokushauri wewe, kwa mteja huyu. Kuna jambo kwenye barua yako ulilipita haraka: kwamba yeye ni mwagronomi, anazunguka mashamba ya watu. Leo yuko kwa mkulima huyu, kesho kwa yule. Kwetu Kivu kahawa na migomba huishi shamba moja, na mnyauko wa bakteria umewatesa wakulima wa migomba tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Njia yake mojawapo kubwa ni visu na mapanga yanayotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Upande wa kahawa kuna mnyauko wa kuvu aina ya Fusarium, uliokwisha kuangamiza mashamba ya robusta kaskazini-mashariki mwa Kongo, nao huingilia kwenye majeraha ya mti. Mwagronomi anayejua kazi yake husafisha sekateri yake kwa maji ya javeli (dawa ya kupaukisha nguo) au alkoholi kati ya shamba na shamba. Akiisafisha kisha akairudisha kwenye ngozi iliyokunywa utomvu wa jana, amefanya kazi bure. Na akiirudisha ikiwa inadondosha javeli, ngozi itakakamaa na kupauka, na blade itakula kutu.

Kwa hiyo ala yake inahitaji tumbo linaloweza kutolewa na kuoshwa. Chukua bidoni (dumu) ya njano iliyokwisha kazi, osha vizuri, ukate ukuta wake ulio bapa. Plastiki hiyo ni polithini ngumu, hailiwi na javeli, haishiki kutu, na ncha ya blade haiitoboi kwa urahisi. Ipashe moto kwa pasi juu ya kitambaa kinene mpaka ilegee kidogo, ikunje kwenye ukingo wa ubao, ishikilie mpaka ipoe. Usitumie ndimi za moto. Huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi na utapata kitu kilichosinyaa. Jambo moja la kujua: gundi ya viatu haishiki kwenye plastiki ya bidoni. Itaonekana imeshika, kesho itabanduka yote kwa ganda moja. Kwa hiyo tumbo hili lifunge lenyewe kwa lenyewe pembeni kwa riveti mbili za shaba, au lishone kwa uzi, na libaki huru ndani ya ngozi. Chini libane liwe jembamba, ila acha tundu la milimita 6 hadi 8, na ngozi ya nje nayo iwe na tundu palepale. Maji lazima yapate pa kutokea.

Ngozi ya nje, ikiwa kromu uliyo nayo, ijenge kama mfuko wenye kuta: mgongo, uso, na utepe wa ukuta unaozunguka pande mbili na chini. Upana wa utepe ni unene wa sekateri na plastiki yake, kama sentimita 2.5, ukiongeza nafasi ya mishono. Tumbo la plastiki litaipa ngozi laini uti wa mgongo ambao yenyewe haina, na hutahitaji kufinyanga chochote. Ngozi ikiwa chini ya milimita 2, bandika mbili mgongo kwa mgongo, nyama kwa nyama. Hapo gundi yako ya viatu inafaa sana. Ipake pande zote mbili, isubiri ikauke mpaka isinate kidoleni, kisha uunganishe na kuigonga kwa nyundo. Unapolazimika kubandika juu ya upande wa uso, ukwaruze kwanza kwa msasa, kwa sababu gundi haishiki kwenye uso laini. Na fungua mlango. Mivuke ya gundi hizi huharibu mishipa ya fahamu taratibu, na mafundi wengi hudhani ganzi ya vidole ni uzee.

Shambreri sasa. Nimeielewa hamu yako, ipo kila mahali na ni bure. Lakini mpira hukamata chuma. Sekateri itaingia kwa kusukumwa na kutoka kwa kuvutwa mikono miwili, na ala itapanda nayo kiunoni. Isitoshe mpira hufungia unyevu, na blade inayolala humo itaamka na madoa. Iweke nje kama kipande cha kuzuia mkwaruzo nyuma ya ala ukitaka. Ndani, hapana.

Jambo ambalo video za bastola zitakupotosha: bastola haina springi inayotaka kuifungua. Sekateri inayo, na kitasa chake kikiteleza, mikono yake hujitanua humo ndani na blade inasukuma mshono. Kwa hiyo mdomo wa ala yako uwe mkavu na mgumu, uzibane zile shikio mbili zisitanuke, hata kama huko chini kuna nafasi. Kwenye sekateri ya urefu wa sentimita 21 au 22, kama FELCO 2 ambayo huenda ndiyo aliyo nayo, acha shikio zitokeze sentimita 8 hivi juu ya mdomo. Kiganja kizipate bila kutafuta. Ukitaka kuongeza kamba ya kufungia juu, iongeze, ila watu wa shambani huikata siku ya pili.

Kitanzi cha mkanda ni mahali ninapohukumia kazi ya fundi. Mkulima wa kwetu hafanyi kazi kwenye tambarare. Anapanda, anashuka, anachuchumaa. Ala iliyoshonwa juu kabisa ya mkanda humchoma mbavu kila akiinama, na iliyoning'inia chini sana humpiga paja. Mdomo wa ala ukae sentimita tatu au nne chini ya mkanda, na kitanzi kiwe sehemu ya mgongo wenyewe, kipande kimoja kilichorefushwa, kikakunjwa nyuma na kurudi chini. Kikiwa kipande cha kuongezwa, siku kitakapokatika ataipoteza sekateri inayozidi kazi yako kwa thamani. Mkanda wa sentimita 4 unahitaji kitanzi cha 4.5. Muulize pia anatumia mkono gani. Mtu wa mkono wa kushoto akipewa ala ya kulia hatasema kitu, ataiacha nyumbani.

Mshono. Mashine ya kushonea nguo haitapita tabaka mbili za milimita 3, na hata ile ya viatu ikipita, mshono wake una nyuzi mbili zinazokutana katikati: mmoja ukikatika, mwingine unalegea na mshono unaanza kufumuka. Kwa ala shona kwa mkono, uzi mmoja wenye sindano mbili, kila ncha moja. Kila tundu linapitiwa na sindano zote mbili, moja ikitoka kulia na nyingine kushoto. Ukikatika upande mmoja, wa pili unashikilia peke yake. Waliotengeneza matandiko ya farasi walishona hivi kwa karne nyingi, na bado sijaona mashine inayoufikia kwa kazi ya kuvutwa.

Chora mstari milimita 4 kutoka ukingoni. Alama za matundu ziwe na nafasi sawa ya milimita 4. Uma wa mezani wenye meno yaliyochongwa kwa tupa unakupa alama tatu au nne kwa mgandamizo mmoja. Msharasi, chombo cha kutobolea ngozi, unaweza kuutengeneza kwa spoki ya baiskeli, uipige bapa nchani na kuinoa iwe na umbo la almasi. Tundu la almasi hujifunga lenyewe baada ya uzi kupita. Tundu la msumari hubaki wazi. Sindano zako ziwe butu. Hili huwashangaza mafundi viatu, lakini tundu limekwisha kutobolewa, na sindano kali itachoma uzi wa mwenzake na kuudhoofisha.

Uzi wa mashine ya nguo haufai, ni mwembamba. Polyesta nene ndiyo bora. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu za sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, unapatikana kirahisi ziwani na una nguvu, ila nailoni hurefuka ikivutwa, kwa hiyo ivute kwanza kwa nguvu kabla ya kuitumia, na uipake nta ya nyuki ikolee. Urefu je? Wengi husema mara nne ya mshono. Inategemea unene. Kila sindano, kwa kila hatua ya milimita 4, husafiri milimita 4 juu ya ngozi na 6 kuvuka tabaka mbili: 10 kwa 4, na sindano ni mbili. Hiyo ni mara tano, kisha uongeze sentimita 30 za kushika mkononi. Mshono wa sentimita 50 unakula karibu mita 2.8. Ukiona uzi mrefu unakusumbua, gawanya mshono sehemu mbili. Mwishoni rudi nyuma matundu matatu, kata, na kama ni nailoni au polyesta choma ncha kidogo kwa kiberiti.

Ukitumia njia ya kufinyanga na bila tumbo la plastiki, pale chini inapoishia ncha ya blade weka kipande cha tatu cha ngozi katikati ya tabaka mbili, kabla ya kushona. Ncha itakula kipande hicho badala ya kula uzi.

Kingo sina mengi ya kusema. Ngozi ya magome ipige msasa, iloweshe kidogo, isugue kwa kijiti cha mti mgumu na nta mpaka ing'ae. Ya kromu haitang'aa hata usugue wiki. Ikunje au uipake rangi. Mafuta, kwa ngozi ya magome tu, na kidogo sana, la sivyo umbo ulilolifinyanga litalegea. Usitumie mawese, yanaacha rangi, yanaganda, na baadaye yananuka. Mafuta yanayoelea ukichemsha miguu ya ng'ombe bila kwato ni mazuri kuliko mengi ya dukani. Ndiyo ambayo watu wa matandiko ya farasi wamekuwa wakipaka tangu zamani.

Umeuliza bei. Usiitaje kwa kuangalia kiatu. Kiraka cha kiatu unakikadiria kwa macho. Ala hii itakula siku nzima ya mkono kwenye mshono peke yake, na kabla yake kuna mfano wa katoni na tumbo la plastiki. Hesabu siku unazotarajia, uzizidishe kwa kile unachoingiza siku ya kawaida kwenye viatu, kisha uongeze vifaa. Kwa ala ya kwanza unaweza kumpunguzia kidogo upande wa siku, kwa sababu sehemu ya muda huo unajifunza, na si yeye wa kulipia masomo yako. Upande wa vifaa usipunguze. Mwombe akuachie sekateri yenyewe, si picha yake, hata kama ni kwa usiku mmoja wa kupima na kujaribisha. Na chukua avansi (malipo ya mwanzo) inayolipa ngozi na uzi wote kabla ya kukata, kwa sababu ala iliyokatwa kwa kipimo cha sekateri yake, na kwa mkono wake, hutampata mtu mwingine wa kuinunua Kadutu.